Thamani hii ilizaliwa lini? Hotuba kuhusu imeji za Lisp zinazotoa matokeo yasiyotarajiwa

Ndugu zangu waandishi wa programu, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi mliokuja na kompyuta mapajani, asanteni kwa kuitika. Nimepewa nafasi niseme juu ya Lisp. Ningeweza kuitumia yote kuisifu, maana naipenda lugha hii kwa dhati, lakini nimeona afadhali niseme juu ya tatizo moja linalowafanya watu wenye uwezo waikimbie. Programu inakwenda sawasawa ukiwa umekaa nayo ndani ya Emacs, kihariri chako cha msimbo. Unaihifadhi kama imeji, unampelekea mteja, na kule inatoa maneno usiyoyaandika, au inatoa namba ileile kila siku, au inakaa kimya kabisa. Unarudi kwenye msimbo, unausoma mstari kwa mstari, na kosa hulioni.

Mara nyingi hulioni kwa sababu mstari wenyewe ni sahihi. Kilichokwenda kombo ni wakati: mstari ule ulitendwa mapema kuliko ulivyodhani, au ulitendwa katika mazingira mengine. Hilo ndilo ninalotaka muondoke nalo leo.

Kwa wale ambao hawajaigusa Common Lisp, nieleze kwanza imeji ni nini. Katika lugha nyingi mnazozijua, programu ikiitwa huanza na kumbukumbu tupu na kujijenga upya kila mara. Katika Lisp unaanzisha mchakato, unapakia fankisheni zako ndani yake, unajaza majedwali, unajaribu, unarekebisha, na muda wote huo mchakato u hai. Kisha unauamuru uandike kumbukumbu yake yote, kama ilivyo dakika hiyo, kwenye faili. Faili hiyo ndiyo imeji. Siku ukiiendesha haianzi upya, bali inaamka pale ilipolala. Ndani yake mna fankisheni, vigeu pamoja na thamani zake, kompaila nzima, hata dibaga, yaani chombo cha kuchunguza makosa. Ndiyo maana programu ya mistari kumi hutoka na faili ya makumi ya megabaiti, na ndiyo maana pia huamka haraka: kazi ya kupakia ilikwisha kufanyika siku nyingi.

Mtindo huu ni wa zamani. John McCarthy aliianza Lisp mwaka 1958 kule MIT, Marekani, na waliomfuata walizoea kuhifadhi hali nzima ya kazi yao na kuirejesha kesho yake. Hata hivyo, kiwango cha ANSI cha Common Lisp cha mwaka 1994 hakisemi lolote juu ya kuhifadhi imeji. Kila utekelezaji una njia yake. SBCL, iliyochipuka kutoka CMUCL mwishoni mwa 1999, ina `save-lisp-and-die`. CLISP ina `ext:saveinitmem`. Clozure CL ina `ccl:save-application`. Nitasema zaidi kwa lugha ya SBCL, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mliyo nayo.

Sasa tuchukue programu ndogo ya dukani. Mtumiaji anaandika jina la bidhaa, programu inampa bei.

```
(defpackage :duka (:use :cl))
(in-package :duka)

(defun bei (bidhaa)
  (case bidhaa
    (mchele 3200)
    (unga 1800)
    (t (format t "Sina bidhaa ~S~%" bidhaa))))

(defun anza ()
  (format t "Taja bidhaa: ")
  (bei (read)))
```

Ndani ya SLIME, yaani kiungo cha kuzungumza na Lisp iliyo hai kutoka Emacs, unaingia kwenye pakeji (sanduku la majina) ya DUKA, unaita `anza`, unaandika mchele, unapata 3200. Basi unaandika faili ya kujengea, `jenga.lisp`, ambayo inapakia `duka.lisp` kisha inaita `save-lisp-and-die` na kuambiwa kwamba fankisheni ya kuamkia ni `#'duka::anza`. Unaijenga, unaiendesha, unaandika mchele. Jibu linakuja:

```
Sina bidhaa MCHELE
```

Litazameni jibu hili vizuri. Programu inakana bidhaa na papo hapo inaitaja kwa jina lake. Mtu anayeanza hapa huanza kuhangaika na `case`, anabadili herufi kubwa kuwa ndogo, anatafuta nafasi iliyojificha mwishoni mwa neno. Hatafika.

Kinachotokea ni hiki. `read` haisomi herufi tu, inatengeneza simboli, yaani jina lililo kitu kamili ndani ya kumbukumbu, na simboli hukaa ndani ya pakeji. Pakeji ipi? Ile iliyomo ndani ya kigeu `*package*` wakati `read` inapotendwa. Ndani ya SLIME ilikuwa DUKA, kwa sababu ulikwisha kuingia humo kwa mkono wako. Ndani ya imeji ni CL-USER, pakeji ambayo Lisp huanza nayo, kwa sababu ule mstari wa `in-package` unafanya kazi wakati faili inapakiwa tu, na `load` ikimaliza huirudisha `*package*` ilivyokuwa. Kwa hiyo mchele alioandika mteja ni `CL-USER::MCHELE`, na mchele uliomo ndani ya `case` ni `DUKA::MCHELE`, uliowekwa humo faili iliposomwa. Ni simboli mbili tofauti zenye jina moja, na `case` inazilinganisha kwa `eql`, ambayo haitazami jina.

Na kwa nini hatukuiona tofauti kwenye skrini? Kwa sababu printa ya Lisp haiandiki jina la pakeji kama simboli inapatikana katika pakeji ya sasa. Tuko CL-USER, simboli ni ya CL-USER, kwa hiyo inaandikwa MCHELE kavu. Ungeichapisha ile nyingine mahali hapo hapo kwa `~S` ungeona `DUKA::MCHELE`. Ungeichapisha kwa `~A` usingeona tofauti yoyote tena, kwani `~A` haiandiki kiambishi cha pakeji. Nawaomba mlishike hili: unapochunguza, tumia `~S`. `~A` ni kwa ajili ya mteja.

Ipo njia ya kuilazimisha printa iseme yote. Ifunge `*package*` kwenye pakeji ya KEYWORD kwa kitambo kidogo, kisha chapisha:

```
(let ((*package* (find-package :keyword)))
  (format *error-output* "~S~%" bidhaa))
```

Hapo kila simboli isiyo ya KEYWORD lazima itokee na pakeji yake. Utaona `COMMON-LISP-USER::MCHELE` na shaka itakwisha dakika hiyohiyo. Nimeona watu wakitumia siku nzima kwa jambo ambalo mistari hii miwili ingelimaliza.

Tiba ya haraka ni kuifunga `*package*` kwenye DUKA ndani ya `anza`. Tiba ninayoipendelea ni kuacha kabisa kutumia `read` kwa maneno ya watu wa nje. Soma mstari kwa `read-line`, linganisha kwa `string-equal`, na simboli zibaki kuwa mambo ya ndani ya nyumba. Kuna sababu ya usalama pia: `read` ikikuta `#.` hutenda kile kinachofuata, maana `*read-eval*` kwa kawaida imewashwa. Mteja mtundu anaweza kuifunga programu yako, au kufanya jambo baya zaidi, kwa kuandika `#.` na amri yake mahali ulipotarajia neno mchele.

Haya, tumerekebisha. Tunajenga tena, tunaandika mchele, na sasa hakuna jibu lolote. Kimya. Programu imemaliza na kutoka.

Hapa tena hatukuharibu chochote. `bei` inarudisha 3200, na ndani ya REPL ni REPL yenyewe iliyokuwa ikikuandikia namba ile, kwa kuwa kazi yake ni kusoma, kukokotoa na kuchapisha. Ndani ya imeji hakuna REPL. Fankisheni ya kuamkia inarudi, SBCL inahesabu kwamba umesema `exit` na sifuri, basi. Programu yetu haikuwahi kuchapisha bei hata siku moja. Mazingira ya kazi yalikuwa yakiichapisha kwa niaba yake.

Na lile swali letu, `Taja bidhaa:`? Ukiendesha kwenye teminali huenda ukaliona linatokea baada ya mteja kuandika jibu, maana maneno yasiyo na mwisho wa mstari hukaa kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu yanapongojea kuandikwa. SLIME ilikuwa inaifungulia bafa hiyo yenyewe. Ndani ya imeji ni wajibu wako: `finish-output` kabla ya kusoma. Na mkitoka kwa `exit` yenye `:abort t`, jueni kwamba mchakato unakatwa bila kumwaga bafa. Maneno ya mwisho ya programu, ambayo aghalabu ndiyo mliyoyahitaji sana, yanapotea nayo.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Katika programu ya mistari kumi na mbili tumekuta mambo matatu ambayo mazingira ya kazi yalikuwa yakitufanyia kimyakimya: pakeji, kuchapisha, na kumwaga bafa.

Twende kwenye upande wa pili, ambao ndio jina la hotuba hii. Katika Lisp thamani inaweza kuzaliwa katika nyakati nyingi. Inaweza kuzaliwa msimbo unaposomwa, kama umeandika `#.` mbele yake. Inaweza kuzaliwa wakati wa kukompaili, kama makro, yaani msimbo unaozalisha msimbo, imeikokotoa ilipokuwa ikipanuliwa. Inaweza kuzaliwa faili inapopakiwa, na hapo ndipo thamani za vigeu vya `defvar` na `defparameter` huzaliwa. Inaweza kuzaliwa imeji inapoamka. Au inaweza kuzaliwa fankisheni inapoitwa. Ukiendesha msimbo wako kutoka kwenye faili kila siku, kupakia na kutenda hufuatana kwa sekunde chache na tofauti huioni. Ukihifadhi imeji, unaweka kati yake wiki, miezi, na kilomita mia kadhaa.

Chukueni mstari huu: `(defvar *leo* (get-universal-time))`. Ni mstari halali. Ukiwa ndani ya imeji, kila risiti ya duka itatoka na tarehe ya siku ulipoijenga. Chukueni mwingine unaouliza folda ya nyumbani kwa `sb-ext:posix-getenv` na kuiweka kwenye `defparameter`. Kwa mteja, programu itatafuta faili katika folda ya nyumbani kwako wewe, kwenye kompyuta ambayo haina mtu wa jina hilo. Na wale wanaotafuta faili za data kwa `*load-truename*` wajue kwamba kigeu hicho kina maana wakati wa kupakia tu. Baada ya kuamka ni NIL.

Namba za bahati nasibu zinastahili maneno yao peke yake, kwa kuwa zimewaaibisha wengi mbele ya wateja. `*random-state*` ni kitu cha kawaida ndani ya kumbukumbu, na kinahifadhiwa pamoja na imeji. Kila ukiiamsha inaanza mahali palepale, na `random` inatoa mfululizo uleule. Programu ya kuchanganya maswali ya mtihani itawapa wanafunzi wote mpangilio mmoja. Tiba ni mstari mmoja, `(setf *random-state* (make-random-state t))`, lakini uuweke ndani ya fankisheni ya kuamkia. Ukiuweka juu ya faili, nje ya fankisheni, umezalisha mbegu nzuri siku ya kujenga na kuigandisha humo. Kuna watu wameandika mstari sahihi kabisa mahali pasipo sahihi na wakaapa kwamba SBCL ina kasoro.

Faili zilizofunguliwa nazo ni hatari. Tuseme umefungua faili ya kumbukumbu za matukio kwa `open` ndani ya `defvar`. Kitu cha Lisp kinachowakilisha mkondo ule kinalala na kuamka salama, lakini kilichomo ndani yake ni namba tu, ile ambayo mfumo wa uendeshaji ulitoa kwa mchakato uliokwisha kufa. Ukiwa na bahati utapata kosa. Ukikosa bahati, mfumo utakuwa umeitoa namba ileile kwa faili nyingine uliyoifungua baada ya kuamka, na maneno yako yatakwenda kuandikwa humo. Miunganisho ya hifadhidata na soketi ni vivyo hivyo. Mikondo ya kawaida, yaani ingizo, matokeo na makosa, SBCL inaiunda upya yenyewe inapoamka. Yako ni juu yako, na pa kuifungulia ni ndani ya fankisheni ya kuamkia au kwenye orodha ya `sb-ext:*init-hooks*`, ambayo fankisheni zake huitwa imeji inapoamka. Dada yake, `*save-hooks*`, huitwa kabla ya kulala, na hapo ndipo mahali pazuri pa kufunga vitu.

Sasa kuna thamani ambazo hukuziweka kwa kusudi. Umejaribu programu yako mara nyingi kabla ya kuihifadhi, na majaribio yale yamejaza jedwali la akiba, yamepandisha namba za risiti, yameacha mteja wa majaribio kwenye orodha. Vyote vinalala pamoja na imeji. Mbaya zaidi ni orodha iliyoandikwa kwa alama ya nukuu ndani ya fankisheni, kama `'(0)`, kisha ikabadilishwa kwa `incf` au `push` ya ndani. Orodha ile si mpya kila unapoita fankisheni, ni moja tu, sehemu ya msimbo wenyewe. Kiwango cha ANSI kinasema wazi kwamba ukibadili thamani ya namna hiyo matokeo hayatabiriki. Kwa vitendo, fankisheni inakumbuka jana. Ukitaka orodha mpya, tumia `list`.

Na kuna ule mchakato ulioishi muda mrefu. Unafanya kazi na Lisp moja tangu Jumatatu, unabadili `defvar` kwenye faili, unapakia tena, na thamani haibadiliki. Ndivyo `defvar` ilivyo: kigeu kikiwa na thamani tayari, inakiacha. `defparameter` ndiyo inayolazimisha. Unabadili makro, na fankisheni zilizokompailiwa kabla ya hapo zinaendelea na upanuzi wa zamani mpaka uzikompaili tena. Unafuta fankisheni kwenye faili, lakini ndani ya kumbukumbu ingali hai, na kuna mahali bado inaitwa. Imeji iliyotoka kwenye mchakato kama huo haina msimbo wowote unaolingana nayo. Huwezi kuieleza kwa kusoma faili, kwani faili zimesonga mbele na yenyewe imebeba mabaki ya wiki nzima.

Kwa bahati nzuri SBCL inakuzuia kidogo: haikubali kuhifadhi kama kuna nyuzi nyingi zinazotenda, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato mmoja, na SLIME kwa kawaida huwa na nyuzi kadhaa. Wengine huona hilo ni usumbufu na hutafuta njia ya kulizunguka. Mimi naona ni msaada. Jengeni imeji kwa hati ya amri, kutoka mchakato mpya, kila mara, bila faili ya binafsi ya mipangilio ya `.sbclrc`. Chaguo `--no-sysinit` na `--no-userinit` zipo kwa kazi hiyo.

Hata hivyo mchakato mpya haufuti kila kitu, na hapa hata wazoefu hukwama. ASDF, chombo cha Lisp cha kujenga na kupakia mifumo, huweka faili zilizokompailiwa kwenye akiba, na haizikompaili tena kama haioni sababu. Thamani iliyozaliwa wakati wa kupanua makro, tuseme tarehe au namba ya toleo, imo ndani ya faili ile ya akiba. Utajenga imeji mpya safi na bado itatoa tarehe ya mwezi uliopita. Mkishuku jambo hilo, pakieni mfumo kwa `:force t` au futeni akiba.

Yapo matokeo mengine ambayo hayatokani na msimbo wenu hata kidogo, na haya nitayapita haraka. Ukiendesha imeji kwa `sbcl --core`, SBCL inajitambulisha kwa maneno yake ya ukaribisho. Yanyamazishe kwa `--noinform`. Ukiwa na faili inayojiendesha na mteja akaandika `./duka --version`, atapewa toleo la SBCL badala ya lako, na `--help` itampa msaada wa SBCL, kwa sababu rantaimu, yaani injini ya SBCL inayoiamsha imeji, inasoma mstari wa amri kabla yenu. Hifadhini kwa `:save-runtime-options t` na hoja zote zitawafikia nyinyi. CLISP ina tabia hiyohiyo, na dawa yake ni kutoa `:executable` thamani ya 0. Pia katika CLISP fankisheni ya kuamkia ikirudi, mteja anajikuta kwenye REPL, kwa hiyo imalizieni kwa `ext:exit`. Na kama maneno ya programu yanatoka wakati wa kujenga badala ya wakati wa kuendesha, angalieni kama mmeandika `:toplevel (anza)` mahali pa `:toplevel #'anza`. Ya kwanza inaita programu palepale, na kinachopewa `:toplevel` ni kile ilichorudisha.

Mtu atauliza: nikikutana na imeji inayosema mambo ya ajabu, nianzie wapi? Mimi huanza kwa kutenganisha mikondo, `./duka >a.txt 2>b.txt`, ili nijue maneno yale yanatoka kwenye matokeo au kwenye makosa. Hilo peke yake mara nyingi humtambulisha msemaji. Kisha naiendesha mara mbili mfululizo na kulinganisha kwa `diff`. Kilichopaswa kutofautiana na hakikutofautiana ni thamani iliyoganda. Kisha naiendesha kutoka folda ya juu kabisa, `/`, kisha kwa `env -i`, yaani bila kigeu chochote cha mazingira. Kilichobadilika kinategemea mahali au mazingira, kisichobadilika kimezaliwa mapema. Nikifika hapo ninakuwa na jibu la swali la lini, na kumtafuta mhusika ndani ya msimbo ni kazi ya dakika chache, kwa kuwa sitafuti tena kila mahali. Ninatafuta `defvar`, `defparameter`, `#.`, `load-time-value` na makro zinazokokotoa.

Mwenzetu hapa mbele ameuliza kuhusu herufi. Programu yake inaandika ng'ombe na ng'ambo vizuri kwake, lakini kwenye seva ile alama ya juu inageuka kuwa alama ya kuuliza. Swali zuri, na linatuhusu sana sisi. Kiswahili kinaandikika chote kwa herufi za ASCII, ndiyo maana tatizo hili hujificha kwa miezi. Lakini vihariri vingi hugeuza alama ile iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, U+2019, ambayo haimo katika Latin-1, usimbaji wa zamani wenye herufi chache. Matoleo ya zamani ya SBCL, yakiamka mahali ambapo mpangilio wa lugha wa mfumo ni `C`, yaliichukulia Latin-1. Imeji ni ileile, na usimbaji unaamuliwa inapoamka. Wekeni UTF-8 kwa wazi ndani ya fankisheni ya kuamkia na kwenye kila faili mnayofungua, msitegemee seva.

Swali la mwisho, nalo ndilo nililolingoja: tutaichunguzaje imeji ikiwa iko kwa mteja na sisi tuko huku? Kumbukeni kwamba kompaila na dibaga zimo ndani yake. Lugha chache zinakupa hilo, na inasikitisha kuona tunalitupa. Lakini angalieni mlivyojenga. Ukijenga kwa `--non-interactive`, dibaga inazimwa katika mchakato wa kujenga, na imeji inaamka nayo ikiwa imezimwa: kosa likitokea utapata orodha ya miito na mchakato unakufa. Kwa mteja wa kawaida hiyo ni sawa, maana hataki kuona dibaga. Kwa ajili yenu, wekeni mlango. Fankisheni ya kuamkia ikikuta kigeu cha mazingira mlichokubaliana, tuseme `DUKA_CHUNGUZA`, iite `sb-ext:enable-debugger` kabla ya kazi yoyote. Kosa likitokea hapo mtafika kwenye dibaga, na mnaweza kuandika usemi wowote wa Lisp na kupata jibu kutoka ndani ya imeji ileile: `*package*` ni nini, `*default-pathname-defaults*` ni nini, `sb-ext:*posix-argv*` ina hoja gani, jedwali la bei lina nini.

Na kama mlango huo haukuwekwa, jengeni imeji mbili kwa hati moja, mchana mmoja, kutoka msimbo uleule. Moja iamkie kwenye `anza` na iende kwa mteja. Nyingine msiipe fankisheni ya kuamkia, iamkie kwenye REPL ya kawaida, na ibaki kwenu ikiwa na namba ileile ya toleo. Mteja akipiga simu, mnaiamsha hiyo ya kwenu kwa `--no-userinit`, mnamwomba awasomee alichokiona, na mnaanza kuuliza.